Mvuke Haupimwi kwa Kilo

Wapagazi wa Unyamwezi walikuwa na neno moja ambalo leo halisikiki tena vinywani mwa wasafiri, nalo ni tirikeza. Na muradi wake ulikuwa huu, kwamba msafara unaoikabili nchi isiyo na maji haukuondoka alfajiri kama ilivyokuwa desturi, bali ulishinda kisimani hadi jua limepinda, watu wakanywa, wakapika, wakajaza vibuyu na viriba, kisha wakajitwika pembe na marobota wakaenda mpaka usiku, wakalala porini pasipo tone la maji, na kesho yake, kabla jua halijawa kali, wakawahi kisima cha pili. Kwa hila hiyo waliivuka Mgunda Mkali, nyika iliyotanda baina ya Ugogo na Unyanyembe ikawatisha hata viongozi waliozeekea njiani, na kwa hila hiyo waliifikia Tura, mahali ambapo jina lake lenyewe, kwa lugha ya wenyeji, ni amri ya kutua mzigo. Burton na Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857, hawakutia mguu Kaze, ambayo ndiyo Tabora yetu, mpaka tarehe 7 Novemba, na katika miezi hiyo yote mwenye kauli ya mwisho juu ya wapi walale na lini waamke hakuwa wao, wala hakuwa kirangozi aliyeuongoza msafara wao, alikuwa kisima.

Nimeanza na kiu ya wapagazi kwa sababu nataka kunena habari za mvuke, na mambo haya mawili, ijapokuwa mtu wa leo huyaona kuwa ni ya zama mbili zisizojuana, ni hadithi moja. Wajerumani walipoifikisha reli yao Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, hawakubuni njia mpya mno. Walikilaza chuma, kwa sehemu kubwa, katika ujia uleule wa misafara, na mpaka sasa Chaya na Tura, ambayo yalikuwa majina ya kambi, ni majina ya vituo. Mikono iliyochimba tuta na kubeba mataruma kwa ajili ya kampuni ya Philipp Holzmann ilikuwa, kwa wingi wake, mikono ileile ya Wanyamwezi na Wasukuma iliyokuwa ikibeba pembe hapo kabla. Na yule mpagazi mpya wa chuma, aliyewanyang'anya wenziwe wa nyama na damu kazi yao, alirithi na kiu yao. Tena kiu yake ilikuwa kubwa maradufu, kwa kuwa garimoshi la mvuke haliendi kwa kuni wala kwa mafuta kama wengi wadhanivyo, bali huenda kwa maji. Moto huyachemsha tu. Yanayosukuma pistoni, yakazungusha magurudumu, yakatoka kwenye dohani kwa mlio ule uliowaamsha wazee wetu, ni maji yaliyogeuka mvuke, na yakishatoka hayarudi.

Kwa hiyo palipokuwa na garimoshi sharti pawe na tangi lililoinuliwa juu ya nguzo, na palipokuwa na tangi sharti pawe na pampu ya kuyatoa maji kisimani, mtoni au bwawani na kuyapandisha huko, na palipokuwa na pampu sharti pawe na mtu aliyeiamkia kabla ya kuku kuwika, akaisikiliza, akaitia mafuta, akajua kwa sauti yake tu kama imeshiba au inakohoa. Mtu huyu hakuvaa kofia ya stesheni masta, wala hakupungiwa mkono na abiria. Lakini lau angelala siku moja, treni ya bara ingesimama kama msafara uliokosea kisima. Wala haikutosha apate maji yoyote. Maji yenye chumvi na chokaa yakichemshwa katika birika la mvuke huacha ukoko juu ya mabomba ya ndani, kama wali uachavyo ukoko katika sufuria, na ukoko ukizidi, joto la moto hukosa kupenya, chuma huungua, na birika huweza kupasuka likaua. Katika reli hiyohiyo moja, maji ya chumvi yaliyokuwa riziki ya watu wa Uvinza kwa karne nyingi, kabla Mwarabu na Mzungu hawajafika, yangekuwa sumu katika tumbo la injini. Ilmu ya kuyajua haya ilikuwa ilmu kamili, nayo ilikaa vichwani mwa watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha darasani.

Sasa ndiyo nieleze kilichonitia kalamu mkononi. Ulaya, ambako mvuke ulizaliwa, wametambua kwamba nyumba za pampu zilizowanywesha au kuwakausha babu zao ni amana isiyofaa kupotezwa. Kando ya daraja la Kew, magharibi ya London, iko nyumba iliyojengwa mwaka 1838 kwa ajili ya kusukuma maji ya kunywa ya sehemu ile ya mji, na ndani yake mna injini kubwa za aina ya Cornwall, mojawapo ya mwaka 1846, ambayo silinda yake ina upana wa zaidi ya mita mbili, kiasi ambacho mtu mrefu angeweza kulala ndani yake akiwa amejinyoosha. Zilipokoma kazi katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia zingeliweza kukatwa vipande zikauzwa. Walakini watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa hawana cheo wala mshahara katika jambo hilo, walizisafisha, wakazirekebisha, na mwaka 1975 wakafungua milango kwa umma, huku mvuke wa kweli ukiingia tena katika silinda.

Nistahimilie, msomaji, nikueleze jinsi injini ile inavyofanya kazi, maana ina jambo la kumvutia mtu wa nchi ya wapagazi. Mtu akiiona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mvuke ndio unaoyasukuma maji. Sivyo. Mvuke huisukuma pistoni chini, na pistoni, kwa kupitia boriti nene inayocheza kama mizani, hulinyanyua upande wa pili sanduku zito lililojaa vyuma. Kisha mvuke huachiliwa, na sanduku lile hushuka polepole kwa uzito wake lenyewe, na ni uzito huo, si mvuke, unaoyasukuma maji kwenda mjini. Kazi ya mvuke ni kujitwisha mzigo. Kazi ya mzigo ni kupeleka maji. Ndiyo maana mashine kubwa namna ile haina kelele: hupumua, hunyamaza, hupumua tena.

Waholanzi nao wana nyumba mbili ambazo ningependa zitazamwe pamoja, kwa sababu tofauti yao ndiyo kiini cha hoja yangu. Ya kwanza ni Cruquius, iliyojengwa kwa ajili ya kulikausha ziwa la Haarlem, ziwa lililokauka kabisa mwaka 1852, hata leo uwanja wa ndege wa Schiphol umekaa pale palipokuwa na mawimbi. Injini ya Cruquius, yenye silinda ya upana wa zaidi ya mita tatu na nusu, imehifadhiwa kwa taadhima kubwa. Boriti zake hucheza mbele ya wageni. Ila hazichezeshwi na mvuke, kwa sababu mabirika yake yaliondolewa zamani, bali husukumwa kwa mitambo ya shinikizo la mafuta iliyofichwa. Ya pili ni nyumba ya pampu ya Wouda, huko Lemmer, iliyofunguliwa mwaka 1920 na kuandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1998, ambayo hadi leo, maji yakizidi katika jimbo la Friesland, mafundi wake huitwa, moto ukawashwa, na ikafanya kazi iliyojengewa. Cruquius ni kama marehemu aliyepambwa vizuri. Wouda ni mzee aliye hai, mwenye kuamka akiitwa. Nami sitaki kuwakejeli watu wa Cruquius, kwani heri mashine inayochezeshwa kwa hila kuliko iliyokwisha kuyeyushwa. Lakini niulizwapo ni ipi ingefaa Tabora, jibu langu halina kusita.

Kwetu nini kimebaki? Jibu si la fahari, wala si la kukatisha tamaa. Mfano ulio mkubwa kuliko yote hauko Tabora, ijapokuwa ulipita Tabora ukiwa vipande vipande: ni meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo ikapanda reli ya kati mpaka kwenye Ziwa Tanganyika, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani, walipoona kwamba Kigoma haishikiki tena, waliizamisha kwa makusudi karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg walizipaka kwanza injini zake grisi nene, zisipate kutu. Fikiri juu ya watu wale. Jeshi lao lilikuwa likikimbia, Tabora yenyewe ilikuwa imebakiza miezi miwili tu kabla ya kutwaliwa na Wabelgiji, nao wakakaa chini ya sitaha wakipaka grisi mashine ambayo hawakuwa na yakini ya kuiona tena. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mvuke ulipanda katika injini zilezile, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina la Liemba. Injini ile iliyonusurika vita na miaka minane chini ya maji haikunusurika fikra za wakati wetu, kwani katika miaka ya 1970 iling'olewa ikatiwa dizeli mahali pake. Sisemi kwamba dizeli ilikuwa kosa. Wasafiri wa Kasanga na Kipili walihitaji meli iendayo, hawakuhitaji makumbusho. Nasema tu kwamba wa kuipaka grisi mara ya pili hakuonekana.

Tabora yenyewe ina kisa chake, nacho ni kisa cha karakana ya reli. Wakati wa vita vile, bandari zikiwa zimezingirwa na manowari za Waingereza, makaa ya mawe na fedha vyote vikiwa haviingii, magarimoshi yalilishwa kuni za miombo, na mafundi wa karakana wakaamriwa kutengeneza sarafu. Mwaka 1916 walipiga sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, na alama ya herufi T kwa ajili ya Tabora. Sarafu zile leo hushindaniwa na matajiri wa mabara ya mbali, wanaozilaza juu ya mahameli na kuzitia bima. Nani awezaye kunionyesha nyundo, kalibu na mashine zilizozizaa? Kilichokuwa dhahabu kilihifadhiwa kwa sababu ya udhahabu wake. Kilichokuwa chuma kilikwenda na njia ya chuma.

Na njia ya chuma, msomaji, siku hizi ni fupi sana. Huanzia kwa kijana mwenye mkokoteni, hupita katika mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, na huishia katika tanuri la kuyeyushia nondo. Ninalisema hili sasa, wala si mwaka jana wala mwaka ujao, kwa sababu reli mpya ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kwa umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma, inajengwa kuelekea kwetu, na mikataba ya kuifikisha Tabora, Isaka na Kigoma imekwisha kutiwa saini. Nami nimo katika wale wanaoisubiri kwa shauku, maana nimekwisha kukesha stesheni kiasi cha kutosha. Lakini ijapo reli mpya, macho ya watu yataihama ya zamani, na kitu kilichohamwa na macho huwa mali ya mwenye mkokoteni. Tangi, pampu, vali, kipimo cha shinikizo, birika lililotobolewa na kutu nyuma ya ghala: kila kimoja kitapimwa kwa kilo, na katika kilo hakuna mahali pa kuandika kazi iliyofanywa nacho.

Yupo atakayenijibu kwamba reli ile ilikuwa ya mkoloni, ilijengwa kwa jasho lisilolipwa inavyostahili, ikapeleka mazao pwani na askari bara, kwa hiyo haidai hifadhi yetu. Hoja hii ina haki yake, wala siipuuzi. Hata hivyo, tunaihifadhi Kwihara, nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 akiwa pamoja na Stanley, na kisha akiwa peke yake akiwangoja wapagazi. Na njia nzima ya misafara, toka Bagamoyo hadi Ujiji, ikiwa na Kwihara ndani yake, ilipelekwa UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya kungojea urithi wa dunia, ilhali njia ile ilipitishwa minyororo pamoja na pembe. Ikiwa tumeweza kuihifadhi njia ya utumwa ili tujue tulivyotendwa, itakuwaje tushindwe kuihifadhi injini iliyoongozwa na watu wetu wenyewe? Maana dereva, mchochezi, fundi na mlinzi wa pampu walikuwa raia wa nchi hii; walijifunza kazi kwa wageni wakaizidi, wakaunda chama chao, wakagoma mwaka 1960 wakidai haki zao; na kumbukumbu yao haina mahali pa kukaa. Tumemjengea mgeni aliyepita na kulala. Tumemsahau aliyeamka kabla ya kuku kuwika.

Wapo pia watakaosema: tazameni Nairobi, makumbusho ya reli yapo, nendeni mkaone. Ni kweli, yapo tangu 1971, nayo ni mazuri. Na magarimoshi makubwa yaliyomo, kama yale ya daraja la 59 yaliyotengenezwa Manchester na kuvuta mizigo ya kutoka Mombasa, humfanya mtu mzima ajione mtoto. Yalianzishwa wakati reli ya Afrika Mashariki ilikuwa moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tuligawana mabehewa, madeni na wafanyakazi, na makumbusho yakabaki yalipokuwa. Sina chuki kwa jirani yangu kwa kubaki na kilichokuwa nyumbani kwake. Ila safari ya Tabora hadi Nairobi si ya mwanafunzi wa shule ya msingi wa Isevya.

Ninachokiomba si jumba la marumaru. Naomba jengo moja la zamani katika eneo la stesheni, lenye paa lisilovuja. Ndani yake iwekwe pampu moja ya enzi ile na injini yake, pamoja na zana zitakazookotwa vituoni kuanzia Itigi hadi Kigoma kabla mizani haijazitangulia. Na garimoshi moja, hata liwe dogo, hata liwe la kupanga mabehewa tu. Naomba wazee wa reli waliosalia, wale waliochochea tanuri kwa mikono yao, waitwe wakae na vijana wa chuo cha reli kilichopo hapahapa Tabora, wasiitwe kupewa khanga na picha ya pamoja, bali waitwe kufundisha: jinsi ya kutandaza moto usiwe na shimo, jinsi ya kusoma kioo cha maji, jinsi ya kusikia vali inayodanganya. Elimu hii haimo katika chuma. Chuma kinaweza kungoja miaka mia ndani ya grisi. Mzee hawezi kupakwa grisi, na kila mwaka unaopita tunazika mabingwa wawili watatu pasipo kuwauliza neno.

Nakiri kwamba kuwasha mvuke si mchezo. Birika la zamani likitiwa moto bila ya kukaguliwa ni bomu, na katika ukaguzi huo hapana nafasi ya kujuana wala ya bahashishi; likikutwa limekwisha, na litengenezwe jingine, au injini ile isukumwe kwa hewa iliyoshindiliwa, tuwe na Cruquius yetu mpaka tuiweze Wouda. Hayo ni maamuzi ya wahandisi, mimi ni mwandishi tu. Nakiri pia kwamba mji wenye zahanati zisizotosha utauliza kuhusu gharama, na utakuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo kazi ianze na kilicho rahisi, nacho ni amri moja ya maandishi kwamba hakuna chuma cha enzi za mvuke kitakachouzwa katika reli ya kati kabla hakijaandikwa, hakijapigwa picha na hakijaonwa na mtu anayekijua. Karatasi na wino havijamfilisi mtu.

Nina tamaa moja iliyobaki, nayo ni ya kitoto kidogo. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa rehema ya mvua na mabwawa ya Kazima na Igombe, na katika miaka hii ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yametufikia, yakiwa yametekwa Ihelele kwa pampu za umeme na kupitishwa mabondeni na vilimani, yakapita Shinyanga na Nzega hadi mabombani mwetu, safari ambayo msafara wa zamani ungeihesabu kwa majuma. Siku garimoshi letu litakapowashwa kwa mara ya kwanza, napenda maji yatakayotiwa katika birika lake yawe hayo. Mchochezi awe mzee wa reli, msaidizi wake awe binti wa chuo, kuni ziwe za miombo iliyokauka yenyewe, na saa ya kuwasha moto isiwe asubuhi ya hotuba. Iwe alasiri, jua likiwa limepinda, saa ile ya tirikeza.